Chupa ya Uzi Mwekundu: Kumuaga Bi. Rhoda Mutindi Ndolo

Leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 1997, Bi. Rhoda Mutindi Ndolo anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti wa ugonjwa wa kala-azar, hapa nje kidogo ya Kathonzweni, kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne kasoro siku mbili. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Kamati ya sherehe ilikuwa imeandika "zaidi ya miaka thelathini", na karatasi ikarudishwa kwetu ikiwa imesahihishwa kwa penseli. Bi. Mutindi hapendi namba iliyolegea ipite mbele yake.

Alifika hapa tarehe 2 Machi 1964 akitokea Kabati, upande wa Kitui, akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye sanduku moja la bati. Aliajiriwa kuosha chupa. Kituo kilikuwa nyumba tatu za mabati, friji moja la mafuta ya taa, na daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa akizunguka na gari kukagua watoto waliovimba wengu. Miaka mitatu kabla ya hapo, kaka yake mdogo alikuwa amekufa kwa ugonjwa huo huo. Hilo hakuliandika katika barua ya kuomba kazi, na ofisini halijulikani mpaka leo, ila kwa wachache waliowahi kumuuliza vizuri.

Chupa za Bi. Mutindi zilikuwa safi kiasi kwamba yule daktari alianza kushuku anazificha zile chafu. Akampa kazi ya friji. Friji la mafuta ya taa lina hasira zake: utambi ukiwa mrefu linatoa moshi, ukiwa mfupi halipoi, na upepo wa Agosti ukipita chini ya mlango moto unazimika. Bi. Mutindi alilijua lile friji kama watu wanavyojua ng'ombe wao. Mwaka 1969 mwalimu mmoja mwenye baiskeli nzuri alitaka kumwoa na kuhamia naye Voi. Alimwuliza mwalimu swali moja tu: Jumapili nani ataweka mafuta? Mwalimu akaenda Voi peke yake na baiskeli yake. Wenzake kituoni humtania Bi. Mutindi kwa hadithi hiyo mpaka leo, naye hucheka pamoja nao, ingawa si kila mara.

Mwaka 1972 tulipata jenereta na friza ya kwanza. Hapo ndipo ilipozaliwa sheria ambayo kila aliyefanya kazi hapa ameikariri. Jenereta ilikuwa ikizimika bila kuaga, na damu ya wagonjwa iliyogandishwa ndani ya friza ikayeyuka, kisha ikaganda tena umeme uliporudi, bila mtu kujua. Kwa macho ilionekana nzima. Miaka miwili ya utafiti ilipotea kwa kupima damu ya namna hiyo. Basi Bi. Mutindi akaanza kuingia kila asubuhi na penseli na kugonga vichupa vya damu, kimoja kimoja, huku ameinamisha sikio. Kilichoganda kinalia kavu. Kilichoyeyuka kinanyamaza. Aliandika kwenye kipande cha boksi, akakibandika mlangoni mwa friza: GONGA. KISIPOLIA, MWAGA. ANDIKA. Maana yake, chochote kilichoyeyuka kimwagwe ndani ya ndoo ya dawa ya kuua viini wakati ule ule, kabla hakijaganda tena na kudanganya watu, na aliyekimwaga aandike kwenye daftari na kutia sahihi. Boksi lile limebadilishwa mara nne, na maneno hayakubadilika.

Mwaka 1974 alipelekwa Nairobi kwa miezi sita, akarudi akijua kukuza seli za binadamu nje ya mwili. Wageni wanaotembelea kituo hudhani hiyo ni kazi ya mashine. Ni kazi ya kulea. Seli zinataka joto la mwili, zinataka kulishwa kila baada ya siku mbili, na hazijui Krismasi. Mwaka 1984, ule wa njaa, wafanyakazi wengi walirudi makwao na dizeli ikaadimika. Jenereta ilipozima kabisa siku ya Jumapili, Bi. Mutindi alichukua chupa mbili za seli safi zisizo na ugonjwa, akazifunga kifuani kwa leso, akavaa koti juu, akaenda kanisani. Aliketi benchi la nyuma kwa masaa matatu bila kupiga makofi wala kupiga magoti. Kina mama wakaanza kunong'onezana kuhusu hali yake, na mchungaji akamwombea kwa jina. Seli zilipona zote, na uvumi ukachukua miezi tisa kuisha.

Tunacheka tukikumbuka. Lakini mtu akikaa akafikiri, huyu ni mtu aliyekuwa na watu wa kuwapa joto siku ile, na watu wenyewe walikuwa ndani ya chupa mbili. Nyumba namba saba ya hapa kituoni ameishi peke yake tangu ilipojengwa. Wageni wake wamekuwa watafiti: wanakuja, wanamaliza shahada, wanaahidi kuandika, wanaondoka. Ana bahasha saba za barua zao kwa miaka thelathini na mitatu.

Mmoja hakuwa hivyo. Daktari Waruguru Njogu alifika mwaka 1992 kutoka Nyeri, akiwa daktari tayari na akitafuta shahada ya juu. Hakujua mtu hapa, wala Kikamba, na joto letu lilimtoa malengelenge. Jumapili saa mbili wawili hao walikuwa wakilisha seli pamoja, na saa nne wakinywa chai namba saba. Aliyepita karibu aliwasikia wakibishana kuhusu majani, maana wa Nyeri wanajiona wao ndio wenye chai. Kwa miaka mitatu hakuna aliyemsikia Bi. Mutindi akitembea na kujisemesha peke yake, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa la kawaida.

Sasa lazima tueleze kitu kidogo cha kisayansi, nacho tutakieleza kwa namna ambayo hata wageni wetu wa kanisani watatuelewa. Ndani ya kila seli kuna mizigo inayosafirishwa kutoka pembe moja hadi nyingine, kila mzigo ndani ya kifuko chake. Kuna protini ambazo kazi yake ni kuelekeza vifuko hivyo, kama taniboi wa lori anayejua gunia lipi linashuka Emali na lipi linaenda mpaka Sultan Hamud. Kimelea cha kala-azar kikimezwa na seli ya mwili, kinapaswa kupelekwa mahali pa kusagwa. Kimelea hicho kina ujanja wa kuchelewesha safari. Daktari Waruguru alitaka kujua taniboi gani anadanganywa, na ili ajue, alihitaji protini yenyewe ikiwa safi.

Haichimbwi wala haichotwi. Watu wa maabara moja ya ng'ambo walikuwa wamechukua jeni ya binadamu, wakaipandikiza ndani ya bakteria, na bakteria wakaitengeneza hiyo protini kama wanavyojitengenezea zao. Daktari Waruguru aliwaandikia kwa miezi minane. Mwishowe wakampa zawadi ya kichupa kimoja, kiasi kisichojaza kifuniko cha kalamu. Kilishuka Sultan Hamud mwezi Juni 1995 ndani ya sanduku la barafu, na Bi. Mutindi mwenyewe akaenda kukipokea. Kilikuwa na barua: kimechanganywa na gliseroli, kimiminika kizito kama asali, kwa hiyo hakitaganda ndani ya friza ya kawaida, na kisigande, maana kikiganda na kuyeyuka mara kwa mara kinaharibika. Bi. Mutindi aliisoma barua hiyo mara mbili. Kisha akafunga uzi mwekundu shingoni mwa kichupa ili akumbuke kuwa ndicho pekee ndani ya friza yake kisichopaswa kulia.

Mwezi Agosti dada yake alifariki. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja aliomba ruhusa, siku nne, akazike Kabati. Daktari Waruguru alikuwa Nairobi. Alhamisi tarehe 10 Bi. Mutindi alivua shingoni kamba yenye ufunguo wa friza na mwingine mdogo, akamkabidhi mwenzake wa maabara, mtu mzima, mwenye mke na watoto, mwenye diploma na mwaka mmoja na miezi kumi kituoni. Alimpa pia karatasi mbili za maagizo alizoziandika kwa mkono na kuzibana kwa pini. Mwenzake alizikunja akazitia mfuko wa koti. Kugonga vichupa, alijiambia, hakuhitaji kurasa mbili.

Jumamosi asubuhi mwenzake huyo aligonga. Karibu vyote vikalia. Kimoja hakikulia, kikageuzwa juu chini, na ndani yake kitu kikatambaa polepole. Uzi aliuona, akadhani ni alama ya kitu cha zamani. Akafanya kama mlango ulivyosema. Alikimwaga ndani ya ndoo ya dawa, akaandika kwenye daftari: "12/8/95. Kichupa 1. Hakikulia. Kimemwagwa." Akaridhika kwamba amefanya kazi vizuri, na kwa sababu chakula cha mchana kilikuwa tayari, akasahau kutia sahihi.

Mwandishi wa wasifu huu ndiye mtu huyo.

Nimejaribu kuendelea kujiita mwandishi, kama desturi ya makala hizi inavyotaka, na nimeshindwa. Jina langu ni Mutunga. Nilimwaga miaka mitatu ya Daktari Waruguru ndani ya ndoo, nikaenda kula.

Bi. Mutindi alirudi Jumatatu akiwa bado na udongo wa kaburi viatuni, akaenda friza kabla ya nyumbani. Nilimwona akigonga. Nilimwona akitafuta. Alifungua daftari, akasoma, akalifunga, akaniangalia, na uso wangu ukamweleza yaliyobaki. Mchana tuliitwa sote kwa Mkurugenzi, na Daktari Waruguru alikuwa amefika, amekaa na mikono mapajani. Mkurugenzi aliuliza ufunguo ulikuwa na nani. Mwezi wa kumi nilikuwa nithibitishwe kazini au niondoke, na nilikuwa nafikiria hilo, silikatai. Bi. Mutindi akasimama akasema, "Ufunguo ni yangu. Niliacha kwa msumari, hapo mlangoni. Sijui nani aliingia."

Mwanamke ambaye hakubali kasoro ya siku mbili kwenye hesabu yake alisema uongo mbele ya watu kumi na wanne, na mimi nikauacha upite.

Alipewa barua ya onyo. Aliondolewa chumba cha seli na kurudishwa kuosha chupa na makoti, kazi ile ile ya mwaka 1964. Ufunguo nilipewa mimi, na mwezi wa kumi nikathibitishwa. Daktari Waruguru hakumtukana, na ingekuwa afadhali angemtukana. Alimwambia neno moja tu pale kikaoni, "Mama, kwa msumari?" Kisha akaacha kupita upande wa namba saba. Akikutana naye aliinamisha kichwa kama tunavyowasalimu watu tusiowajua majina. Kichupa kingine alikipata baada ya mwaka na nusu, na mwanzoni mwa mwaka huu akahamia Nairobi kumalizia kazi yake huko. Hakumuaga.

Wiki moja baada ya kikao kile, koti langu lilirudi kutoka kufuliwa. Lilikuwa limepigwa pasi, na ndani ya mfuko zilikuwamo zile karatasi mbili, kavu, zimekunjwa nilivyozikunja mimi, na pini haijafunguliwa. Alikuwa amezitoa kabla ya kufua na kuzirudisha baada ya pasi. Ndipo nilipozisoma. Nilimfuata chumba cha kuoshea nikitaka kupiga magoti, nikamkuta mikono ikiwa ndani ya povu mpaka viwiko. Hakugeuka. "Sheria ni yangu," alisema. "Wewe uligonga tu. Lakini karatasi ungesoma." Nikamwambia nitakwenda kwa Mkurugenzi. Akasema nikienda, nitakuwa nimemfanya yeye mwongo, na watoto wangu watalala njaa, na kichupa hakitarudi. Nikakubali upesi sana. Mtu akitafutiwa njia ya kutokea, haulizi imepita shamba la nani.

Tangu hapo Jumapili nalisha seli mimi. Njia ya kutoka chumba cha seli inapita mbele ya namba saba, na dirisha lake halina pazia refu. Kila Jumapili saa nne nimeona meza, birika, na vikombe viwili, kimoja wima, kingine kimefunikwa juu ya sahani yake. Nimehesabu kwa miezi ishirini na miwili. Hakuna Jumapili hata moja ambayo kile cha pili kilikuwa kimegeuzwa. Wakati mwingine nilimsikia akiongea, nami najua hakukuwa na mtu.

Kamati ilipomuuliza anataka nani amwandikie wasifu, wengi walidhani atamtaja mchungaji. Alisema, "Mutunga aandike. Yeye anajua kazi yangu." Wenzangu walinipongeza. Mimi nilikwenda nyuma ya stoo nikalia, kisha nikaanza kuandika, na rasimu ya kwanza ilikuwa nzuri sana, yenye utani na tarehe, na haikuwa na Agosti ndani yake. Niliichana. Jumatatu iliyopita nilimpelekea Mkurugenzi barua yangu pamoja na ufunguo, na atakaloamua nitalipokea bila kunung'unika. Ameruhusu maneno haya yachapwe, na barua ya onyo ya mwaka 1995 imetolewa kwenye faili ya Bi. Mutindi, ambako haikustahili kukaa hata siku moja. Jumanne nilikwenda Nairobi na zile karatasi mbili. Daktari Waruguru alizisoma akiwa amesimama. Ukurasa wa pili aliusoma muda mrefu kuliko wa kwanza. Hakuniambia nikae, na hakunirudishia karatasi.

Ukurasa wa kwanza ni wa friza. Unasema, pamoja na mengine: "Ile chupa ya uzi mwekundu hailii. Usigonge. Usiguse." Ukurasa wa pili nimeukariri, na ninauweka hapa kama alivyouandika, kwa sababu ndio wasifu wake kuliko vyote nilivyoandika mimi.

"Bwana Mutunga. Seli ziko na chakula mpaka Jumamosi. Jumapili uwape, saa mbili, si saa tatu. Jenereta ikikohoa usiongeze mafuta, ngoja kwanza ipoe. Kama Daktari Waruguru atarudi Jumapili mbele yangu, fungua namba saba, ufunguo ni huo mdogo. Majani iko kwa kopo ya kakao, juu ya kabati. Umpikie chai. Usiwe na haraka ya kutoka, ukae naye mpaka amalize, hapendi kunywa peke yake. Mimi pia sipendi lakini nimezoea. Asante. R. M. Ndolo."

Programu hii ya sherehe inapigwa chapa Jumatano, na sherehe ni Jumatatu. Kwa hiyo mimi ninayeandika sijui kama Daktari Waruguru amekuja. Ninyi mnaosoma mkiwa mmekaa ukumbini mnaweza kuinua macho mkaona. Mimi nimeweza jambo moja tu. Nimeomba kamati iweke vikombe viwili kwenye meza kuu, mbele ya Bi. Mutindi, na chai imiminwe saa nne kamili. Kimoja ni chake. Cha pili kifunikwe juu ya sahani mpaka mwenyewe aje, na kama hatakuja, nawaomba ndugu zangu mtu yeyote asikigeuze kwa kutaka kumfurahisha. Mimi ndiye wa mwisho mwenye haki ya kukinywea.

Mama Mutindi, kituo kinakushukuru kwa watoto wa Kitui na Makueni ambao damu yao uliitunza mpaka dawa yao ikapatikana. Mimi nakushukuru kwa lile ulilonifanyia nisilostahili, na naomba unisamehe kwa kulipokea. Nenda Kabati kwa amani. Mungu akupe mvua ya kutosha, miguu isiyouma, na jirani anayepita kila Jumapili saa nne bila kuitwa.